Mwaka wa Meno ya Mbwa na Paka

Nchi ninayoisimulia haipo. Mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, na mkiona nyingine inayofanana nayo, basi kosa ni la mchora ramani, mimi msinitaje. Haipo, lakini ilikuwa na wilaya thelathini na sita, wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, na kiongozi aliyeitwa Mlezi, maana neno rais lilionekana halina huruma ya kutosha.

Katika wilaya mojawapo, Mabondeni, aliishi daktari wa mifugo jina lake Sikudhani. Mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mfupi, mikono ya nguvu, sauti ya kugombana. Mgomvi hakuwa, ila kulikuwa na jambo moja lililomkera mpaka likamkosesha raha ya chakula, nalo ni meno. Si meno ya watu; hayo yana madaktari wake. Meno ya mbwa na paka. Ukimpelekea mbwa aliyevunjika mguu, ataufunga mguu vizuri, halafu atamfunua mdomo na kuanza kukufokea wewe mwenye mbwa. Ukoga wote huu umeulea wa nini? Fizi zimevimba tangu lini? Nani alikudanganya kwamba mbwa kunuka mdomo ndiyo maumbile yake? Atakueleza kuwa mbwa wengi wakishavuka miaka mitatu wana ugonjwa wa fizi na hawana wa kumwambia, kuwa paka anayesusa chakula haringi bali anaumwa jino, na kuwa uchafu wa kinywani huingia kwenye damu ukashuka mpaka kwenye moyo na figo, mnyama akafa watu wakasema karogwa. Kisha atakupa mswaki, akuoneshe namna ya kusugua taratibu, na akuonye usithubutu kumpaka mnyama dawa ya meno ya binadamu. Watu walimwogopa kidogo na walimpenda sana.

Kwa miaka ishirini na miwili aliiandikia wizara kila mwezi wa kwanza, akiomba taifa liyaangalie meno ya mbwa na paka. Alijibiwa mara moja tu, mwaka wa tisa. Barua ilimtaka atumie bahasha ndogo zaidi, kwa kuwa kabati limejaa.

Jirani yake alikuwa Mzee Chiponda, fundi viatu, mgane, asiye na mtoto wala ndugu wa karibu. Alichokuwa nacho ni mbwa mmoja mwekundu wa miaka kumi na mitatu aitwaye Karani. Alipewa jina hilo kwa sababu alishinda mlangoni akimtazama kila anayeingia bila kumsaidia. Mzee akila, alimgawia Karani. Akiwa na la kusema, alimwambia Karani. Chonge ya juu ya kushoto ya mbwa huyo ilikuwa imekatika nusu, kazi ya kutafuna visigino vyenye misumari. Kila Jumamosi daktari alimwambia Mzee kwamba jino lile linamtesa mbwa na lingefaa kutolewa, na kila Jumamosi Mzee alijibu kwamba Karani mwenyewe ameomba wasubiri kidogo.

*

Sasa sikilizeni jambo ambalo halikutokea.

Ijumaa ya tarehe tisa Mlezi alikuja Mabondeni kufungua daraja. Daraja lilijengwa mahali pakavu kabisa; mto ungeletwa katika awamu ya pili. Amri ilitoka mbwa wote wafungwe kamba, na wote wakafungwa, isipokuwa wale ambao wenye nao walikuwa wazee na kamba zao zilikuwa zimelika. Watu elfu nne walipangwa kwa urefu. Saa nne na nusu asubuhi Mlezi akainama kukata utepe, na kwa kuwa ni mtu mwenye mwili, aliinama sana.

Hapo ndipo jambo halikutokea. Watu elfu nne walikuwepo na wote hawakuliona. Ulisikika ukelele mmoja mwembamba ambao haukutoka kwa mtu yeyote, kisha bendi ikapiga wimbo wa taifa, beti zote kumi na tisa, na ilipomaliza msafara ulikuwa umeondoka zamani.

Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba Mlezi ameamua kuongoza akiwa wima. Kukaa, ilisemwa, ni tabia ya mkoloni. Viti vikakusanywa kutoka ofisi zote, mahakama zote, shule zote, vikachomwa moto mbele ya halaiki iliyosimama. Mahakimu wakasikiliza kesi wamesimama. Vinyozi wakapanda juu ya masanduku. Mawaziri walisimama hata kwenye magari, wakitoa vichwa juu, na waliokuwa wafupi walionekana kofia tu. Daktari Sikudhani hakushangaa sana. Aliishi nchi hiyo tangu azaliwe.

Baada ya wiki tatu, asubuhi moja, akiwa anamwosha paka kidonda, akasikia redioni kwamba mwaka huo umetangazwa kuwa Mwaka wa Meno ya Mbwa na Paka. Kila mnyama wa nyumbani angepimwa kinywa bila kukosa. Mlezi mwenyewe, alisema mtangazaji, ameguswa sana na suala hili.

Daktari aliegemea ukuta akalia. Miaka ishirini na miwili, jamani. Alimbusu yule paka kwenye kichwa chenye dawa, akatoka mbio hadi kwa Mzee Chiponda kumwambia kwamba wamemsikia, hatimaye wamemsikia. Mzee alikuwa anashona soli. Alifurahi kwa ajili yake kabisa, ila mkono wake ulishuka ukamshika Karani shingoni, na haukuachia mpaka daktari alipoondoka.

*

Kutoka mji mkuu aliletwa Mratibu Msangule, mtu mwembamba, mtaratibu, aliyesugua viganja kila mara kabla ya kusema. Alikuja na malori mawili ya nta, askari sita na masanduku ya fomu. Kila mnyama angeuma bamba la nta, bamba lingeandikwa jina lake na la mwenye naye, na yote yangepelekwa makao makuu kwa uchunguzi. Daktari aliteuliwa Mkaguzi Mkuu wa Vinywa wa Wilaya na kupewa koti jeupe lenye mabega ya kijeshi.

Fomu iliuliza jina la mnyama, umri, rangi, na hali ya fizi. Kisha iliuliza alikuwa wapi Ijumaa ya tarehe tisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, alikuwa na nani, na kama aliwahi kuonesha dharau kwa mtu mwenye cheo. Daktari akaomba aeleweshwe uhusiano wa maswali hayo na ukoga.

Mratibu alisugua viganja. "Daktari," akasema, "afya ya kinywa ina historia yake."

Jibu hilo daktari alilipenda mpaka akaliandika kwenye daftari lake. Msimcheke. Mtu akipiga hodi mlango mmoja miaka ishirini na miwili, siku ukifunguliwa haulizi nani yumo ndani.

Mimi niwaambieni ambalo yeye hakulijua. Katika nchi ile Mlezi hakuwa mtu wa kupatwa na jambo. Ilikuwa imeandikwa kwenye katiba. Kwa hiyo haikuwezekana kumtafuta aliyemuuma, kwa sababu hakuumwa. Waziri aliwaambia wakurugenzi kuwa ni suala la meno. Wakurugenzi wakawaambia wakuu wa wilaya kuwa ni suala la meno. Paka waliongezwa ili mbwa wasihisi wanaonewa. Mabondeni nzima aliyejua ni Mratibu peke yake, naye hakuwa na ruhusa ya kujua.

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Kitururu, ndiye aliyeamini kuliko wote. Alikuwa mtu wa bendera. Kila kampeni ya taifa ilikuwa na bendera ya wilaya bora, na kila mara Mabondeni ilishika nafasi ya pili: ya pili kwa vyoo, ya pili kwa miti, ya pili hata kwa kusimama. Wa kwanza walikuwa Vilimani daima. Siku ya uzinduzi alihutubia saa tatu juu ya jino kama nguzo ya uzalendo, akasema adui wa nchi huanza kama tundu dogo kwenye gego, na alipomaliza akamnong'oneza daktari amwambie kweli Vilimani wana meno mangapi.

*

Kazi ilianza vizuri. Watu walipanga foleni na mbwa zao, na paka zao kwenye vikapu. Daktari alifundisha kupiga mswaki, alikwangua ukoga, alieleza juu ya figo na moyo, na safari hii hakuna aliyempiga chenga, maana nyuma yake kulikuwa na askari. Mbwa waliuma nta, wengine wakaimeza. Jioni mabamba yalifungwa kwa karatasi laini na kupakiwa.

Siku ya sita zikaja barua za kwanza. Mnyama wako amechaguliwa kupata Matibabu ya Juu. Tafadhali aje na mwenye naye. Aliyetangulia ni Mwalimu Sapula na jike lake Tausi, mbwa ambaye chonge yake ilikuwa imepasuka. Daktari alimpa mkono wa pongezi, na moyoni akamwonea wivu Tausi kwa vifaa atakavyovikuta huko. Gari lilikuwa na mapazia. Mwalimu alipunga mkono, pazia likavutwa.

Siku ya kumi na tano bahasha ikaletwa nyumbani kwa mwalimu. Ndani yake kulikuwa na ukanda wa shingo wa Tausi, umeoshwa na kupakwa mafuta, na kikaratasi kilichosema huduma imekamilika. Hakukuwa na mtu wa kuupokea. Mlango ulikuwa na kufuli la serikali. Tarishi aliuning'iniza kwenye kitasa, akaenda zake.

Akafuata Mama Ndekwa muuza maandazi na paka wake. Akafuata mlinzi wa shule na mbwa wake. Walipofika familia kumi na moja, watu waliacha kutajana. Ukiuliza fulani yuko wapi, jirani yake alikuambia kwamba nyumba ile haijawahi kuwa na mtu, na alikuambia huku akiangalia pembeni. Kanda za shingo zilining'inia kwenye vitasa mtaa mzima, zinang'aa. Mbwa walianza kufichwa kwenye mapipa ya maji. Daktari alipomuuliza Mratibu wagonjwa wale wanaendeleaje, alijibiwa kuwa matibabu yenyewe yako juu mno, kutoka huku chini hayaonekani.

Alitaka kuamini. Aliamini siku tatu zaidi, kwa shida, akijilaza na wazo hilo kila siku na kuamka nalo likiwa limepungua. Na mimi nawaambieni, zile siku tatu ndizo hakujisamehe baadaye.

*

Siku ya nne Mratibu akamwita ofisini. Makao makuu yalikuwa yameanza kuchoka. Mabamba elfu na mia nane yamechunguzwa na hakuna hata moja lililoridhisha, hata yale kumi na moja yaliyoelekea kuridhisha. Palihitajika jicho la kitaalamu. Akafungua sanduku la chuma lenye makufuli mawili, akatoa kipande cha plasta ngumu ya kunakilia umbo, kilichozungushiwa hariri, na kukiweka juu ya meza. Kibandiko kilisema: Kinywa cha Mfano Kisicho Bora.

Daktari akakiinamia. Plasta ilikuwa na mviringo fulani, pana, laini, ambao hautokani na taya la mnyama yeyote aliyemjua. Alitibu viumbe miaka mingi. Mviringo ule aliutambua mara moja ni sehemu gani ya mwili, na akakumbuka viti vilivyochomwa. Akageuka atafute kiti. Hapakuwa na mahali pa kukaa.

Kisha akatazama alama zenyewe. Chonge ya chini kulia, kamili. Ya chini kushoto, kamili, imepinda nje kidogo. Ya juu kulia, butu kwa uzee. Ya juu kushoto, nusu tu. Kinywa kile alikifungua kila Jumamosi kwa miaka kumi na mitatu.

"Umewahi kukiona?" Mratibu akauliza.

Alijibu kwamba vinywa vya namna hiyo viko vingi, apewe muda alinganishe. Mratibu alikifunga kipande chake kwa hariri polepole, kama anayemfunika mtoto. Akasema muda upo, upo wa kutosha, zamu ya mtaa wa mafundi viatu si mpaka Alhamisi.

"Ila kinywa hiki kisipopatikana," akasema, "tutalazimika kuuliza ni nani aliyekitazama asikione."

Daktari alitoka nje jua likiwa kali, akapita mbele ya nyumba ya Mwalimu Sapula. Ukanda wa Tausi ulikuwa bado kwenye kitasa. Familia kumi na moja, na kila bamba lilikuwa na sahihi yake mwenyewe, kubwa, yenye mkia, sahihi ya mtu mwenye furaha. Alisimama pale akajichukia waziwazi, bila kujitafutia kisingizio. Halafu akafika kwa Mzee Chiponda, akamkuta anamlisha Karani uji kwa kijiko kwa sababu jino lilikuwa linamsumbua tena, na akajua kwamba hawa wawili hawatapanda lile gari. Kwamba atafanya nini, hilo alikuwa hajalijua.

*

Kumwambia Mzee akimbie hakukuwa na maana. Hakuna aliyevuka mpaka wa wilaya bila cheti cha meno cha mnyama wake. Kumng'oa Karani ile chonge aliweza, kazi ya nusu saa. Lakini tundu bichi mahali pale pale lingesema kila kitu. Tundu moja lingemuua Mzee. Yangehitajika matundu mengi, katika vinywa vingi, na yawe amri.

Akaenda kwa Mheshimiwa Kitururu. Alimkuta amesimama mbele ya picha ya bendera. Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa siri bila kupenda, kwamba amesikia Vilimani wamefikisha asilimia tisini ya meno mazima. Mheshimiwa aligeuka rangi. Akauliza Mabondeni ni ngapi. Daktari akasema arobaini na nne, na hapo hakudanganya.

"Kuyatibu yote ni miaka," akasema Mheshimiwa.

"Kuyatibu ndiyo, Mheshimiwa. Lakini jino bovu likishatolewa, halihesabiwi tena kuwa bovu."

Mheshimiwa aliitazama tena picha ya bendera. Kisha machozi yakamlengalenga, akamshika daktari mabega yote mawili na kumwita mwana wa kweli wa Mabondeni. Amri ilitoka adhuhuri ile ile. Kila jino lililooza, lililopasuka au lililokatika, la mbwa na la paka, liwe limetolewa kabla ya Alhamisi. Wakaitwa maafisa mifugo, wauguzi wa zahanati, mafundi baiskeli. Daktari alisimamia ganzi kwa ukali, akimtimua kila aliyetaka kung'oa pakavu, na alifanya kazi mpaka vidole vikakataa kukunjuka.

Karani aliingia Jumanne, wa mia tatu na kitu. Mzee alimshika kichwa. Daktari hakumwambia lolote, akatoa ile nusu ya chonge na usaha uliokuwa chini yake, akaitupa kwenye pipa pamoja na nyingine. Jino lile kweli lilikuwa la kutolewa siku nyingi. Kesho yake mbwa alikula nyama kwa mara ya kwanza tangu masika. Mzee alimtazama daktari kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeelewa. Akamwambia tu ahsante mwanangu, wala hakutaja ya nini.

Alhamisi Mratibu alifika mtaa wa mafundi viatu na nta yake. Mbwa wa kwanza akauma, bamba likatoka na matundu. Wa pili, matundu. Karani, matundu. Mratibu akaenda kwenye pipa akalikuta tupu. Mheshimiwa alikuwa ameagiza meno yasagwe na kuchanganywa na saruji, ujengwe Mnara wa Afya. Uso wa Mratibu ulipauka. Angemshtaki nani, kwa kuharibu ushahidi wa nini? Hapakuwa na kosa, kwa kuwa halikutendeka. Akasugua viganja, akawapongeza wote, akaingia garini. Akasimama humo kutwa.

*

Mabondeni ikachukua bendera. Mheshimiwa Kitururu aliibeba mwenyewe mtaani, anacheka na kulia.

Vilimani hawakukubali. Wao wakatoa mabovu yote, kisha wakaona mazima nayo yanaweza kuoza siku moja, wakayatoa. Wilaya nyingine zikaogopa kubaki nyuma. Ikafika mahali mkuu wa wilaya mwenye mbwa hata mmoja mwenye magego alionekana hana mapenzi na nchi. Huko Vilimani, kwa bidii tu, waliwang'oa meno hata mbuzi wawili. Kabla ya mwaka kwisha, hapakuwa na mbwa katika dola nzima aliyeweza kuuma mkate. Paka walikaa wakitazama panya wakipita katikati ya barabara, mchana, bila haraka.

Mtu aliyeyatetea meno hayo maisha yake yote alitunukiwa nishani kwa kuyamaliza. Wenzake wa wilaya za mbali walimwandikia wakimuuliza ni dawa gani ya kuwapa wanyama wanaokufa kwa njaa, naye aliwajibu kila mmoja, uji laini, mchuzi wa samaki, samahani. Alikuwa ameokoa mbwa mmoja na mzee mmoja. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na asubuhi nyingine ilitosha.

Makao makuu iliundwa kamati. Ilisimama siku arobaini. Ikagundua kwamba hakuna mnyama katika nchi ambaye kinywa chake kinalingana na Kinywa cha Mfano, na ikahitimisha, kwa kauli moja, kuwa lile ambalo halikutokea halikufanywa na mnyama. Redio ikatangaza Mwaka wa Kinywa cha Mwananchi. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, angepimwa meno bila kukosa, kuanzia Jumatatu, kuanzia Mabondeni. Msimamizi ni mtaalamu wetu mpendwa, Daktari Sikudhani.

Mratibu alileta nta mwenyewe, mabamba mapana zaidi. Fomu ilikuwa ile ile ya Ijumaa ya tarehe tisa, wamefuta tu neno mnyama. Alikuwa amekonda, shati linamcheza. Daktari alimwambia wazi kwamba yeye ni daktari wa mifugo na kwamba kile kipande, mtoto wa darasa la pili ataona si meno ya mtu.

"Hilo najua," Mratibu akasema. Hakusugua viganja. "Safari hii si lazima apatikane yeye, daktari. Lazima apatikane mtu. Huu ni mtaa wako, utachagua wewe. Usipochagua, bamba la kwanza kupelekwa juu litakuwa lako, na la pili langu."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi alifika kliniki na ufunguo mkononi, hajui akamwambie Mzee nini safari hii, maana hila ya pipa na amri ilikuwa imeshatumika na nyingine hakuwa nayo. Akakuta foleni.

Ilianzia mlangoni kwake, ikapita nyumba zenye kufuli, ikaishia kwenye daraja lisilo na mto. Wanaume, wanawake, watoto wameshikwa mikono. Hawakuwa na mbwa wala vikapu vya paka. Katikati alimwona Mheshimiwa Kitururu, kofia ameishika kifuani, na nyuma yake askari wawili wa Mratibu, wametazama chini. Mratibu mwenyewe alikuwa karibu na mwisho.

Wa kwanza alikuwa Mzee Chiponda. Aliingia akapanda juu ya meza ya mbwa bila kusaidiwa, akavua kofia, akapanua kinywa. Miaka sabini na moja, na meno yake yote yalikuwepo, meupe, yamekaa imara kwenye fizi nzuri. Daktari hakuwahi kuona kinywa kizuri kama kile, cha mtu wala cha mnyama. Machozi yakamtoka hapo hapo, hakuyafuta.

"Mzee wangu, lipi linakuuma?"

"Hakuna linaloniuma, mwanangu," akasema. "Toa yote. Kisha uwahishe hao, Jumatatu si mbali."

Daktari akanawa mikono. Akamkadiria uzito kwa macho, akavuta ganzi kwa kipimo cha mbwa mkubwa, maana kingine hakuwa nacho.